Namna ya Kuchunguza na Kuandika Historia na Jiografia ya Kijiji Kidogo cha Uholanzi

Mwandishi anayetaka kueleza kijiji kidogo cha Uholanzi mara nyingi huanza na kanisa, kisha hutaja mwaka ambao jina la kijiji lilionekana kwa mara ya kwanza katika hati, kisha mtu mashuhuri aliyezaliwa hapo. Mpangilio huo si kosa, lakini katika nchi hii huacha pengo kubwa, kwa kuwa haumwambii msomaji jambo ambalo wenyeji walilazimika kulitatua kabla ya kujenga kanisa lolote: maji yatapelekwa wapi, na nani atabeba gharama. Takriban asilimia 26 ya ardhi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari, na sehemu nyingine kubwa, ingawa iko juu yake kidogo, ingefurika kila mito ikijaa kama kusingekuwa na matuta ya kuyazuia maji. Kwa hiyo ninashauri uchunguzi uanze na kimo cha ardhi, uendelee na maji, na ndipo ufike kwa watu, hati na majengo.

Kijiji nitakachokitumia kama mfano ni De Rijp, katika jimbo la Noord-Holland, kati ya miji ya Alkmaar na Purmerend. Nimekichagua kwa sababu ni kidogo, kumbukumbu zake ni nyingi, na karibu kila badiliko katika maisha yake lina chanzo kinachoonekana kwenye ramani. Sehemu kubwa ya kazi hii inaweza kufanywa kwa njia ya intaneti, kwani taasisi za Uholanzi zimeziweka wazi ramani na kumbukumbu zao nyingi bila malipo.

Kukitambulisha kijiji

Hakikisha kwanza kwamba kijiji unachokisoma ndicho ulichokikusudia. Kuna Bergen katika Noord-Holland na kuna Bergen nyingine katika Limburg. Kuna Hengelo katika Overijssel na Hengelo nyingine katika Gelderland. Andika jina la kijiji pamoja na jimbo tangu ukurasa wa kwanza wa daftari lako, na usiliache jimbo hata pale linapoonekana kuwa la ziada.

Baada ya jimbo, fuatilia manispaa, yaani gemeente. Hapa wageni wengi hupotea, kwa sababu manispaa za Uholanzi zimeunganishwa mara nyingi: mwaka 1851, sheria mpya ya manispaa ilipoanza kutumika, zilikuwa 1,209, na kufikia mwaka 2023 zilikuwa zimebaki 342. De Rijp ilikuwa manispaa yenyewe hadi mwaka 1970, ilipounganishwa na jirani yake na kuwa Graft-De Rijp, na mwaka 2015 manispaa hiyo nayo ikaingizwa katika Alkmaar. Middenbeemster, kijiji kilicho ng'ambo ya mfereji, kilikuwa katika manispaa ya Beemster, ambayo iliunganishwa na Purmerend mwaka 2022. Kutokana na mgawanyo huo, kumbukumbu za De Rijp hutafutwa katika hifadhi ya nyaraka ya Alkmaar, ilhali za Beemster hutafutwa katika Waterlands Archief mjini Purmerend, ingawa wakazi wa pande hizo mbili wameoana, wamefanya biashara na wamegombania maji kwa karne nne. Chora mstari wa miaka wenye jina la kila manispaa iliyowahi kukitawala kijiji chako, kwa maana ndio utakaokuonyesha mlango wa kubisha.

Kuanza na kimo cha ardhi

Ramani ya kwanza kuifungua iwe ya vimo. Uholanzi ina hazina ya taifa ya vimo iitwayo AHN, iliyopatikana kwa kupima nchi nzima kwa miale ya leza kutoka angani, na inaonyesha tofauti ndogo sana kwa vipande vya nusu mita. Vimo vyote husomwa kwa kulinganishwa na kipimo cha taifa kiitwacho NAP, ambacho sifuri yake iko karibu na wastani wa usawa wa bahari. Nchi inaanzia mita 6.76 chini ya NAP, karibu na Nieuwerkerk aan den IJssel, hadi mita 322 juu yake katika kilima cha Vaalserberg, kusini kabisa mwa Limburg. Panga rangi za ramani upya kwa ajili ya eneo lako dogo, maana rangi zilizopangwa kwa nchi nzima zitalifanya tambarare lote lionekane kuwa kitu kimoja.

Ukifanya hivyo kwa De Rijp, utaona mstari mkali upande wa mashariki. Kijiji kimekaa juu ya ardhi ya zamani iliyojaa mifereji iliyopinda, na mara tu baada ya mfereji mpana wa mzunguko ardhi inashuka ghafla kwenye sakafu ya Beemster, ziwa la zamani lililokaushwa, ambayo kwa wastani iko karibu mita 3.5 chini ya usawa wa bahari na ambayo barabara zake zimenyooka kana kwamba zilipigwa kwa rula. Mstari huo mmoja una maelezo mengi kuliko kurasa kumi za orodha ya matukio, na ni vyema ukakaa nao mpaka uuelewe.

Sababu ya ardhi ya zamani kuwa na umbo lake ni udongo. Sehemu kubwa ya magharibi mwa Uholanzi ilifunikwa na mboji nene, yaani udongo mweusi uliotokana na mimea iliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Waholanzi huuita veen. Katika Zama za Kati, hasa kuanzia karne ya 10 hadi ya 13, wakulima walichimba mitaro ya kuukausha ili walime nafaka. Mboji iliyokaushwa hunywea, na ikiguswa na hewa huoza na kutoweka taratibu, kwa hiyo mashamba yalishuka mwaka hadi mwaka, mpaka ardhi iliyokuwa juu ya bahari ikawa sawa nayo na hatimaye chini yake. Kilimo cha nafaka kikashindikana, wakulima wakageukia ng'ombe wa maziwa, uvuvi na usafiri wa majini, na wakalazimika kujenga matuta na baadaye, kuanzia karne ya 15, vinu vya upepo vya kuinua maji. Ukikiona kijiji cha bara cha Holland, yaani eneo la magharibi mwa nchi na si Uholanzi nzima, ambacho wanaume wake walikuwa mabaharia, usidhani waliipenda bahari tu. Tazama kwanza kilichotokea kwenye mashamba yao.

Kuyafuata maji

Mboji hiyohiyo ndiyo iliyoyazaa maziwa. Dhoruba zilizila kingo laini, na watu nao waliichimba mboji kwa ajili ya kuni, mpaka mito midogo na mabwawa yakapanuka kuwa maziwa makubwa yaliyotishia vijiji. De Rijp ilikuwa na Beemster upande wa mashariki na Schermer upande wa magharibi, na maji hayo, ingawa yalikuwa hatari, yaliiunganisha na bahari ya Zuiderzee na kuiwezesha kuwa kijiji cha wavuvi wa heringi na, katika karne ya 17, cha wawindaji wa nyangumi.

Kisha yakaja mageuzi ambayo mwandishi wa kijiji hiki hapaswi kuyapita kwa haraka. Mwaka 1607 kundi la wafanyabiashara matajiri, akiwemo Dirck van Oss wa Amsterdam, lilipata ruhusa ya kuikausha Beemster kwa fedha zake, likitazamia faida ya ardhi ya kilimo. Tuta na mfereji wa mzunguko vilijengwa kulizunguka ziwa, na vinu vya upepo vikapangwa kwa ngazi, kimoja kikimpokeza mwenzake maji hadi yafike juu ya mfereji. Mwaka 1610, ziwa likiwa limekaribia kukauka, matuta ya Zuiderzee yalipasuka na maji yakalijaza tena. Kazi ilirudiwa, tuta likainuliwa, na mwaka 1612 Beemster ikawa kavu kwa nguvu ya vinu 43. Ardhi mpya iligawanywa kwa vipimo vya mraba, vipande vya mita 180 kwa 900 vikikusanywa kuwa miraba mikubwa, na mpango huo umehifadhiwa vizuri kiasi kwamba mwaka 1999 UNESCO iliiweka Beemster katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Jan Adriaanszoon Leeghwater, aliyezaliwa De Rijp mwaka 1575, alikuwa fundi na msimamizi wa vinu katika kazi hiyo. Katika simulizi za wengi yeye ndiye aliyeikausha Beemster, kana kwamba alikuwa peke yake, na hapo ndipo mwandishi makini anapotakiwa kusimama. Kulikuwa na wawekezaji waliohatarisha mali, wapimaji ardhi kama Lucas Jansz Sinck, na wafanyakazi wengi waliochimba kwa koleo ambao majina yao hayakuandikwa. Heshima ya Leeghwater haipungui ukimweka mahali pake halisi. Alitoa pia pendekezo la kulikausha ziwa la Haarlemmermeer kwa vinu 160, kazi ambayo ilikuja kufanyika kati ya mwaka 1849 na 1852 kwa pampu za mvuke, mojawapo ikipewa jina lake.

Matokeo kwa De Rijp yalikuwa mazito. Beemster ilikauka mwaka 1612, Schermer mwaka 1635 na Starnmeer mwaka 1643, na kijiji kilichozungukwa na maziwa kikajikuta kikizungukwa na polda, yaani ardhi iliyokaushwa na kulindwa kwa matuta, kikitegemea mifereji ya mzunguko kwa safari zake zote. Ukiyapanga matukio hayo pamoja na habari za meli zake, utaanza kuelewa ni kwa nini mahali palipowahi kuwa na utajiri wa bahari pamebaki kijiji.

Kwa kijiji chochote cha nyanda za chini, tafuta pia bodi ya maji iliyokisimamia, waterschap au hoogheemraadschap. Bodi hizi ni miongoni mwa taasisi kongwe za utawala nchini, baadhi zikianzia karne ya 13, na hadi leo zina uchaguzi wake na kodi yake. Karibu mwaka 1950 zilikuwa zaidi ya 2,500. Leo zimebaki 21, na De Rijp iko chini ya Hollands Noorderkwartier. Kumbukumbu zake hueleza nani aliamriwa kutengeneza kipande gani cha tuta, mfereji upi ulizibwa, na ugomvi gani ulizuka kati ya walio juu na walio chini. Ninaziona kuwa na thamani kuliko kumbukumbu za manispaa kwa karne za kabla ya 1800, ingawa watafiti wengi huziacha kwa kudhani kuwa ni mambo ya mafundi.

Ramani za zamani na daftari la ardhi

Sasa fungua ramani za nyakati mbalimbali. Tovuti ya Topotijdreis, inayoendeshwa na ofisi ya ardhi ya taifa iitwayo Kadaster, hukuwezesha kuvuta mshale wa miaka kuanzia 1815 hadi sasa na kuona eneo lilelile likibadilika. Usiivute haraka. Simama kwenye mwaka mmoja kila baada ya takriban miaka ishirini na uandike kilichoongezeka na kilichotoweka: reli, barabara kuu, kiwanda cha maziwa, mfereji uliofukiwa, mtaa mpya wa nyumba za baada ya Vita Kuu ya Pili. Kumbuka pia kwamba ramani hurekebishwa baada ya jambo kutokea, kwa hiyo mwaka wa ramani hauthibitishi mwaka wa ujenzi.

Mwaka wa kuushikilia kwa nguvu ni 1832, usajili wa ardhi ulipokamilika karibu nchi nzima. Kila kiwanja kilichorwa na kupewa namba, na katika majedwali yanayoambatana na ramani kuliandikwa jina la mwenye kiwanja, kazi yake, mahali anapoishi, ukubwa wa kiwanja na matumizi yake. Ni nadra sana kupata picha kamili namna hii ya kijiji cha karne ya 19 katika nchi yoyote, kiwanja kwa kiwanja, kuanzia tajiri hadi mjane mwenye bustani ndogo. Chagua barabara moja ya kijiji chako, andika kila mkazi na kazi yake, na utakuwa na sura nzima ya kitabu.

Vipimo vya kabla ya hapo vinahitaji uangalifu. Ardhi ilipimwa kwa morgen, ambayo kwa kipimo cha Rijnland ni karibu hekta 0.85, lakini maeneo mengine yalikuwa na morgen yake. Mfumo wa mita ulianza kutumika rasmi mwaka 1820. Usigeuze hesabu za zamani kuwa hekta kabla ya kujua ni kipimo cha wapi.

Watu na kumbukumbu zao

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulienea nchini mwaka 1811, Uholanzi ilipokuwa sehemu ya Ufaransa ya Napoleon, ingawa sehemu za kusini ziliuanza mapema zaidi. Leo kumbukumbu za vizazi huwa wazi baada ya miaka 100, za ndoa baada ya miaka 75 na za vifo baada ya miaka 50, nazo hutafutwa kwenye tovuti kama WieWasWie na Open Archieven. Kwa miaka ya kabla ya 1811 utategemea madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko, ambayo mengi yaliandikwa na makanisa. Wamenno walikuwa wengi De Rijp, nao hawabatizi watoto wachanga. Ukihesabu watoto kwa kutumia daftari la ubatizo pekee, utapata kijiji chenye watoto wachache kuliko waliokuwapo. Chunguza kwanza ni madhehebu gani yaliyokuwa kijijini, ndipo uhesabu.

Watu wengi wa vijijini kabla ya 1811 hawakuwa na jina la ukoo, bali walijulikana kwa jina la baba, hivyo Jan Adriaanszoon ni Jan mwana wa Adriaan, na ndugu zake wa damu watapatikana kwa jina hilohilo la baba, ilhali watoto wake watakuwa na jina jingine. Tarehe nazo hutega. Holland iliingia katika kalenda ya Gregori, inayotumika leo na iliyokuwa mbele ya ile ya zamani kwa siku kumi, mwishoni mwa 1582 na mwanzoni mwa 1583, lakini Friesland, Groningen, Drenthe, Overijssel, Utrecht na Gelderland zilisubiri hadi 1700 na 1701, kwa hiyo barua iliyotoka Friesland kwenda Holland katika kipindi hicho inaweza kuonekana kuwa ilipokelewa siku kumi na zaidi baada ya siku yake halisi.

Kwa karne ya 19 na ya 20, tumia Delpher, hazina ya magazeti ya zamani ya maktaba ya taifa. Tafuta jina la kijiji kwa tahajia zake zote, kwani De Rijp huandikwa pia de Ryp, na upunguze miaka ya utafutaji ili matokeo yasikufunike.

Majengo, na tahadhari kuhusu simulizi

Majengo yasomwe mwishoni, ukiwa tayari na maswali. Mwaka 1654 moto uliteketeza sehemu kubwa ya De Rijp, na kwa hiyo nyumba nyingi za zamani zinazosifiwa leo haziwezi kuwa za kabla ya hapo. Jumba la halmashauri la mwaka 1630, lililobuniwa na Leeghwater na kutumika pia kupimia uzito wa bidhaa, ni la kabla ya moto. Kanisa kubwa lilijengwa upya, na vioo vyake vya rangi vilivyotolewa kama zawadi ni vya miaka iliyofuata. Tarehe moja ya janga hukupa uwezo wa kuipima kila kauli ya kijitabu cha watalii. Sajili ya taifa ya majengo yanayolindwa, rijksmonumenten, itakupa maelezo mafupi ya kila jengo, yaliyoandikwa na wataalamu.

Iwapo kijiji chako si cha polda

Njia hii haibadiliki kijiji kinapokuwa kwingine, ila swali la kwanza hubadilika. Katika Friesland na Groningen tafuta kilima kilichorundikwa na watu ili kuishi juu ya mafuriko kabla ya matuta kujengwa, kama kile cha Hogebeintum, kinachofikia karibu mita tisa. Katika Drenthe tafuta shamba la pamoja la wanakijiji lililoinuka kwa karne nyingi za kuwekewa samadi, pamoja na uwanda wa malisho uliolizunguka. Watu waliishi huko tangu zamani za makaburi ya mawe makubwa, hunebedden, ambayo 52 bado yapo katika jimbo hilo. Katika Zeeland huwezi kuandika ukurasa bila mafuriko ya Februari 1953, yaliyoua watu 1,836 nchini. Pengo la mwisho katika matuta lilizibwa Ouwerkerk mwezi Novemba mwaka huohuo. Na katika Noordoostpolder, iliyokauka mwaka 1942, vijiji ni vipya lakini ardhi si mpya, kwani ndani yake imo Schokland, kisiwa ambacho wakazi wake walihamishwa kwa amri ya serikali mwaka 1859.

Kuandika

Unapoketi kuandika, usiipe kila karne nafasi sawa. De Rijp inastahili karibu nusu ya maandishi kwa miaka ya 1600 hadi 1660, na aya moja tu kwa karne ya 18. Weka ramani mbili zilizochorwa na wewe mwenyewe, moja ya kabla ya mageuzi makubwa ya maji na moja ya baada yake, kwa kipimo kilekile. Acha maneno machache ya Kiholanzi yasiyo na mbadala, uyaeleze mara moja, kisha uyatumie bila kuyabadilisha.

Kabla ya kuchapisha, ipeleke rasimu kwa chama cha historia cha eneo hilo, historische vereniging, kwani maeneo mengi ya vijijini Uholanzi yana chama cha namna hiyo na wanachama wake huzijua nyumba moja moja. Waambatanishie muhtasari wa Kiholanzi au wa Kiingereza, na uwaulize maswali mahususi yenye namba ya kiwanja na mwaka, kwa kuwa swali pana kama "je, nimepatia?" hupata jibu la adabu, lakini swali la kiwanja kimoja cha mwaka 1832 linaweza kukuletea hati ambayo haijawahi kuwekwa kwenye intaneti.